Kitabu cha Hayupo

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Koma na glasi ya maji mkononi, haijafika mdomoni wala hairudi mezani. Bado iko pale pale.

Mbele yake kulikuwa na karatasi moja tu, ukurasa wa marejeo uliochomolewa kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mkuu wa Chuo alikuwa ameuzungushia wino mwekundu mstari wa tisa: Hayupo (1994), Misingi ya Upimaji. Kisha akakiuliza kikao kizima, kwa sauti ya mtu mwenye jibu mfukoni, kama kuna aliyewahi kumsikia huyo Hayupo.

Bi Koma alikuwa amemsikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtunga.

Akaishusha glasi taratibu. Hakunywa.

Kamati ya Uadilifu ilikuwa na watu wanne, na chumba chake kilikuwa na meza ndefu yenye mguu mmoja mfupi, uliotiliwa karatasi ya mtihani iliyokunjwa mara nane. Kichwani aliketi Mkuu. Kulia kwake alikuwepo mhadhiri wa hesabu, aliyeitwa Desimali kwa sababu hajawahi kukubali kitu chochote kikadiriwe. Kushoto alikuwepo fundi wa kompyuta, Waya, mwenye programu ya kupima kama maandishi yametoka kwa mtu au kwa akili mnemba. Wa nne ni Bi Koma, mhakiki wa maandishi.

Mwisho wa meza, peke yake, alikaa mtuhumiwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na wenzake walimwita Chaki, kwani alifundisha darasa la tatu miaka sita kabla ya kuja kutafuta shahada.

Shitaka lilikuwa fupi. Programu ya Waya ilisoma tasnifu ya Chaki ikasema asilimia tisini na nne imeandikwa na mashine. Juu ya hapo kulikuwa na kitabu ambacho hakuna duka wala maktaba iliyokijua. Akikutwa na hatia atakosa shahada, na jina lake litapelekwa kwenye bodi ya walimu. Hata lile darasa la tatu hataliona tena.

"Mashine ikikosa kitabu, inatunga," Mkuu akasema. "Hilo linajulikana. Tumemtafuta Hayupo, na Hayupo hayupo."

Desimali, ambaye hacheki saa za kazi, alicheka kidogo.

Chaki alijieleza bila kupandisha sauti. Alisema mashine hajaitumia hata kwa neno moja. Alisema Hayupo alimkuta ndani ya tasnifu ya zamani maktabani, yenye jalada jeusi, ametajwa mara saba kwa heshima zote, naye akamwamini. Namba ya rafu aliiandika kwenye daftari lake. Jina la mwenye tasnifu hakuliandika.

Desimali akataka kujua kama hicho kitabu chenyewe alikiona kwa macho.

"Sikukiona, mwalimu. Nilikikuta kimenukuliwa."

"Kwa hiyo umeorodhesha kitabu ambacho hujakisoma."

"Ndiyo, mwalimu."

Wote wakamgeukia Bi Koma. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, kusema la mwisho kuhusu maandishi.

"Hilo ni kosa," akasema. "Lakini ni kosa la mtu. Watu walikuwa wanalifanya kabla umeme haujafika jengo hili."

Mkuu akatazama saa ya ukutani. Daftari liko wapi? Liko kwa dada yake, upande wa pili wa jiji. Basi apewe mpaka saa nane mchana. Ama aje na namba na tasnifu ionekane, ama afungashe. Alilisema hilo kwa ukarimu wa mtu anayempa mwenzake kamba fupi ya kuteka maji.

Maskini Mkuu. Hakujua kisima ni cha nani.

*

Msomaji mgeni apewe habari hii upesi, maana saa nane haisubiri.

Kwa miaka kumi na minane Bi Koma alikuwa na duka la kuchapa mbele ya lango la chuo hiki hiki: kompyuta mbili, printa moja yenye kikohozi, na benchi la wateja. Alianza kwa kuchapa kazi za watu, akahamia kuzisahihisha, akaishia kuziandika. Jina lake lilikuwa na maelezo mawili. Wengine walisema limetokana na zile alama ndogo alizokuwa akizirudisha mahali pake. Wengine walisema mteja akianza kueleza sana anachotaka, yeye humkatiza: koma hapo, nimeshaelewa.

Kisha ikaja mashine inayoandika. Mihula miwili tu, benchi likabaki tupu kama bomba lililofungwa.

Mkuu wa Chuo alimwita ofisini kwake. Alimwambia kwamba mwenye kujua mwizi anakopitia ndiye wa kukalishwa mlangoni. Huu sasa ulikuwa mwaka wa pili anakaa ndani ya lango, akiwasaka watu kwa kosa alilokuwa akilifanya nje ya lango. Hakuona kama ni haki wala kama ni kinyume chake. Aliona ni kazi, na aliifanya vizuri.

Yapo ambayo Mkuu hakuyataja siku hiyo ya kuajiri, na Bi Koma hakuyataja pia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na kata, ikiwa na akili, hukaa kimya juu ya kifuniko.

*

Saa nne na robo alikuwa maktabani.

Mkutubi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke aliyetunza funguo za jengo lile miaka thelathini na aliyeamini kwamba wasomaji ni ugonjwa wa vitabu. Alimwona Bi Koma akiingia na hakuinuka.

"Wifi, umekuja kunisalimia au umekuja kunisumbua?"

"Nataka kabati la kioo."

"Kabati la wakubwa? Makubwa haya."

Muhula uliopita Mkuu aliagiza tasnifu za viongozi wa chuo ziondolewe kwenye rafu za kawaida na kuwekwa kwenye kabati la kioo karibu na mlango, ili wageni wazione. Likatiwa kufuli. Tangu siku hiyo wageni wameziona kweli, mgongo tu.

Wifi alimpa ufunguo, na Bi Koma akachomoa ya pili kutoka kushoto. Jalada jeusi, herufi za dhahabu, jina la Mkuu wa Chuo. Hakuhitaji faharasa. Alifungua ukurasa wa thelathini na moja, na pale katikati ya aya, akiwa amekaa kama mwenye nyumba, alikuwepo Hayupo (1994).

Ilikuwa hivi. Dukani kwake wateja walileta maelezo ya mkono yenye mapengo. Jina la mwandishi likikosekana, Bi Koma alichapa "Hayupo". Mwaka ukikosekana, alichapa 1994, mwaka aliomaliza shule. Vilikuwa vigingi tu vya kumkumbusha amuulize mteja kabla ya kutoa nakala ya mwisho. Kati ya mamia ya kazi alizopitisha, hakuwahi kusahau kung'oa kigingi.

Isipokuwa mara moja. Miaka kumi na minne iliyopita mwalimu mmoja mwenye haraka alileta maelezo yanayosema, kwa mwandiko wa kuparura, "kama anavyosema yule bwana kwenye kile kitabu cha misingi ya upimaji". Aliyatumia maneno hayo mara saba. Umeme ukakatika kazi haijakaguliwa. Mteja hakusubiri ikaguliwe. Uliporudi, Bi Koma akiwa ametoka kununua wino, mteja alijinakilia faili kwenye flashi na kulipeleka moja kwa moja kwa mfunga vitabu.

Hakuisoma. Watahini wake nao, kwa ushahidi uliopo, hawakuisoma. Alifaulu kwa sifa, akapanda ngazi, na leo ndiye Mkuu wa Chuo.

Wifi alikuwa amekuja kusimama nyuma ya bega lake, miwani puani.

"Kwani huyu Hayupo ni nani?"

"Ndiye hayupo."

"Nimekuuliza vizuri, wifi."

"Na mimi nimekujibu vizuri."

Ilimchukua mkutubi muda kidogo. Kisha akavua miwani, akakaa kwenye kigoda cha kupandia rafu, akacheka bila sauti mpaka mabega yakachoka. Alipopata pumzi alieleza kwamba kitabu hicho wanafunzi wamekuwa wakikiulizia kwake kila mwaka. Yeye, kuliko kukubali kwamba kuna kitabu maktaba yake haina, aliwajibu wote kwamba kimeazimwa.

"Miaka yote hiyo?"

"Nikawaambia aliyekichukua ni msumbufu, hajarudisha."

Bi Koma alirudisha tasnifu kabatini na kupiga hesabu kama alivyozoea, bila huruma. Akinyamaza, Chaki anafukuzwa kwa kosa la mashine, na mashine haikukosa. Akisema, Mkuu ataulizwa Hayupo alimtoa wapi, na jibu litapita mbele ya lango, lipite benchini, lije likae mapajani mwake. Kazi itakwenda. Jina litakwenda. Kazi zote alizowahi kuandika zitaanza kufukuliwa, na wenye kazi hizo leo ni walimu, mameneja, na wawili ni waganga wa hospitali.

"Utafanyaje?" wifi akauliza, sasa hacheki.

"Nitamwambia mwenyewe kwanza," Bi Koma akasema. "Mtu hunyolewa kwa maji."

*

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na meza ya kioo na shahada tano ukutani, zimepangwa kwa ukubwa wa fremu. Bi Koma hakukaa.

"Hayupo yumo kwenye tasnifu yako, Mheshimiwa. Mara saba."

Mkuu alicheka. Kisha akauliza ukurasa gani.

"Wa thelathini na moja ndipo anapoanza."

"Nilimweka mimi?"

"Nilimweka mimi. Wewe ulimpeleka kwa mfunga vitabu."

Mkuu aligeuka kuitazama fremu ya tatu ukutani kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa siku nyingi na sasa ameanza kukohoa damu. Aliuliza ni nani mwingine anayejua. Bi Koma akamjibu kwamba rafu inajua, na saa nane binti atakuja na namba ya rafu.

Alimweleza anachotaka, na hakikuwa kingi. Kesi ifutwe kabla ya saa nane. Yeye ataandika ripoti, na itakuwa ya kweli, kwamba tasnifu ya Chaki imeandikwa na mtu. Alikuwa ameisoma siku tatu. Sentensi zake ni fupi na safi kwa sababu mwandishi amezoea kuandika ubaoni mbele ya watoto hamsini, ambapo sentensi ndefu huishia nje ya ubao. Programu imeshuku usafi tu. Binti arekebishe nukuu zake, apewe onyo, basi. Mkuu akikataa, Bi Koma atayasema yote mezani.

"Utapoteza kazi," Mkuu akasema.

"Nimeshaipigia hesabu."

Mkuu alisimama, akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia maneno mawili: "Niachie mimi."

Mkubwa akikwambia niachie mimi, shika mkoba wako vizuri.

*

Saa nane kasoro dakika moja Chaki aliingia akihema, viatu vimejaa vumbi, daftari kifuani. Alikuwa bado hajavuta kiti Mkuu alipoinua mkono.

Alisema ana jambo zito la kukiri.

Bi Koma alishika ukingo wa meza. Hakutegemea hili. Kwa nukta chache alimheshimu yule mwanaume kuliko alivyowahi kumheshimu mtu yeyote mwenye gari la ofisi.

"Nimekaa ofisini nimejiuliza," Mkuu akaendelea, "hili jina nimelisikia wapi. Kisha nikakumbuka. Nimeona aibu, ndugu zangu. Hayupo alikuwa mwalimu wangu."

Waya alifunga kompyuta nusu, kama watu wanavyovua kofia.

Mkuu alimwelezea mtu huyo kinaga ubaga. Alikuwa mpole. Alivaa koti la kijivu hata siku za joto. Alitembea ameinamia upande mmoja kwa sababu ya mkoba mzito. Aliandika kitabu kimoja tu, nakala chache, akafa kimya kimya kama alivyoishi. Alipofika kwenye kifo sauti ilimtetemeka, na Bi Koma, aliyejua kwamba marehemu alizaliwa na kukatika kwa umeme, alijikuta kwa dakika nzima anamwona na koti lake.

"Alikufundisha somo gani, Mheshimiwa?" akauliza.

"Upimaji," Mkuu akasema, bila kupepesa.

Desimali hakuridhika. Desimali haridhiki, ndivyo alivyoumbwa. Alimwomba Waya aiulize mashine.

Waya akaandika. Jibu lilitokea hata kabla hajaondoa kidole, akalisoma kwa sauti. Hayupo alikuwa mwanaelimu mashuhuri, aliyezaliwa kando ya ziwa katika familia ya wakulima, akafundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Anakumbukwa kwa unyenyekevu wake na kwa kitabu chake Misingi ya Upimaji, kilichochapwa mwaka 1994 na kurudiwa mara mbili.

"Ndiye," Mkuu akasema, akipiga meza taratibu. "Ndiye huyo huyo. Kando ya ziwa."

Waya akaongeza kwamba amehesabu kazi arobaini na moja zinazomnukuu Hayupo. Bi Koma hakuhitaji kuhesabu. Arobaini na moja zimekunywa kutoka kwenye rafu moja, mashine ikazinywa zote arobaini na moja, na sasa inatapika wasifu. Asubuhi mashine ilikuwa mshitakiwa kwa kutunga mwandishi. Mchana imekuwa shahidi kwamba mwandishi yupo. Na hakuna mtu mezani aliyeona kioja.

Alimtazama Chaki. Binti alikuwa ameinamisha uso, machozi yanadondoka kwenye jalada la daftari ambalo hakuna aliyemwomba alifungue. Ukweli ungemwokoa. Lakini uongo ulikuwa umefika kwanza, umeshamshika mkono, na unamtoa nje.

Tangu aingie lango lile, Bi Koma hakuwahi kuliona kosa akaliacha lipite. Leo aliliacha.

"Basi kesi imefungwa," Mkuu akasema.

"Haijafungwa," akasema Desimali.

Alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka kama mistari ya vipimo. Alisema anashukuru kwa historia. Alisema pia kwamba mashine ni ile ile iliyodaiwa asubuhi kuwa inatunga, kwa hiyo ushahidi wake anauandika kuwa sifuri. Kinachobaki ni neno la Mheshimiwa, ambalo analiheshimu. Angependa tu kukiona hicho kitabu.

Mtu aliyekwisha kumzika mwalimu wake mbele ya watu hawezi kuanza kusitasita kwenye kitabu. Mkuu alijibu kwamba nakala anayo. Ipo nyumbani, kwenye sanduku. Imetiwa saini na marehemu mwenyewe.

Hapo alikuwa amepita mto na kuvunja daraja.

"Vizuri," Desimali akasema, akiandika. "Leo Alhamisi. Jumatatu saa tatu kitabu kiwe hapa mezani. Kikiwepo, mwalimu huyu yuko huru. Kisipokuwepo, tunarudi kwenye asilimia tisini na nne."

Chaki aliinua uso. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeambiwa amepona na papo hapo akaambiwa asitoke kitandani. Kisha akasimama, akawashukuru, akatoka na daftari lake kwapani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

*

Chumba cha Bi Koma kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi. Mlangoni kulikuwa na kibao cha plastiki: UADILIFU. Mkuu wa Chuo hakuwahi kufika huko; watu humfuata yeye. Lakini saa tisa na dakika ishirini alibisha, akaingia, akafunga mlango kwa mgongo.

Alikuwa na maelezo tayari. Kurasa mia zinatosha, kitabu cha zamani hakikuwa na unene. Stoo kuna shehena ya karatasi zilizogeuka rangi kabla ya Chaki hajaanza shule. Mfunga vitabu ni yule yule, bado yu hai, na bado haulizi. Saini ataitia mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

"Wewe ndiye uliyemzaa," akasema. "Nani mwingine atamwandikia?"

Bi Koma akamwonyesha mlango aliouegemea na akamkumbusha kibao kilichoko upande wa pili.

"Nakiona kila mwezi nikisaini mshahara wake," Mkuu akasema. "Sikuombi kwa ajili yangu. Mfikirie yule binti. Jumatatu bila kitabu, amekwisha. Wewe na mimi tumeshaishi."

Hapo alimpata, na alijua amempata. Lilikuwa jambo la kweli limewekwa kwenye ncha ya mkuki, na Bi Koma amekuwa mtu wa mambo ya kweli maisha yake yote. Alijikuta, Mungu amsamehe, ameshaifikiria sura ya kwanza. Aliijua sauti ya yule mzee wa koti la kijivu. Asingependa utangulizi mrefu.

"Na wakigundua?"

"Nani atagundua? Mhakiki ni wewe."

Mkuu alifungua mlango. Alikuwa ameshatoka nusu alipogeuka, akainua kidole kama anayemkumbusha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Ila usitumie ile mashine, Bi Koma. Desimali atakipitisha kwa Waya."

Akaenda zake. Viatu vyake vilisikika ukumbini, vizito, vya mtu aliyetua mzigo.

Bi Koma alibaki ametazama karatasi nyeupe. Simu ikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa meseji ya wifi yake.

"Yule mwalimu wako yuko hapa na namba ya rafu. Anasema hawezi kulala akitegemea sanduku la nyumba ya mtu. Anataka kuiona ile tasnifu kwa macho yake, asije akarudia kosa. Nimpe?"

Aliisoma mara moja. Kosa ambalo Chaki aliulizwa asubuhi mbele ya watu wanne, mchana alikuwa ameshakwenda kulirekebisha, bila kutumwa. Kurasa mia za mzee wa koti la kijivu zilimtoka Bi Koma kichwani zote kwa pamoja, sura ya kwanza ikiwemo. Mwalimu wa namna hii alikuwa anaokolewa kwa kitabu cha kughushi.

Akaandika: "Mpe." Akatuma. Yeye, ambaye katika miaka ishirini hajawahi kutoa neno mikononi mwake bila kulisoma mara mbili.

Jibu lilikuja haraka mno.

"Nilishampa, wifi. Nilikuwa nakuuliza kwa adabu tu. Amelisoma jina lililoko kwenye jalada, amebadilika rangi, ametoka nayo mbio anakuja kwako."

Bi Koma alisimama, akafungua mlango, akasikiliza. Viatu vizito vya Mkuu vilikuwa vimefika ghorofa ya pili vinashuka, bila haraka. Na chini kabisa, vyepesi, vikiruka vidato viwili viwili, viatu vingine vilikuwa vinapanda.

Jengo lile lina ngazi moja.